Zamu ya Chini

Kunguru wa Kongowea
jua likishatokea
huruka wakienea
wakatawala angani.

Miye huketi na chai
kofia tena sivai
ila jicho halikai
lina rada mwake ndani.

Miaka kumi na sita
nililinda bila vita
vitone vikinipita
kwenye kioo, kijani.

Kitone hakina sura
hakina njaa, hasira
ni alama ya duara
itembeayo gizani.

Nimezoea daftari:
saa mbili, hali shwari
saa tatu, tahadhari
thelathini mnazini.

Mishi mkaanga papa
ana fimbo ya kuchapa
amekita hapa hapa
karai lake motoni.

Wawili wamchokoza
kushoto, kumpumbaza
fimbo ikawafukuza
kumbe wengi mgongoni!

Nilicheka nikasema
hii ndiyo mbinu njema
vitabuni tulisoma
tukiwa bado chuoni.

Mkufunzi Meja Tole
hakupenda makelele
alichora ndege tele
kwa chaki ya ubaoni:

“Asiye na kifuniko
chakula chake ni chako
funika juu ya jiko
ndipo uende vitani.

“Vifaru vyaweza kuwa
elfu, vimepangiliwa
anga likichukuliwa
ni makopo jalalani.

“Tazameni hiyo Ngome
mizinga kama makome
yalenga meli zikome
hakuna wa mawinguni.

“Leo hagongi mlango
adui; yake malengo
ni daraja, ni viungo
na kreni za Kilindini.”

Nikainua mkono
nikatamka maneno:
“Nani avune mavuno
kama hatutui chini?”

Meja akanikazia
macho, chaki akatia
mfukoni, katokea
mlango wa uwanjani.

Leo jibu naliona
kunguru wamegandana
bati zima, wanaguna
ila hawatui chini.

Wamepora papa wane
na chapati za mwingine
lakini banda lione
bado lipo mikononi

mwa Mishi, na watu wake
wakila, na fimbo yake
yalala kandoni kwake
kama paka wa jikoni.

Mara ukaja uvumi
wa nyuki mia na kumi
kunguru bila ulimi
wakatoweka batini.

Ni droni ya mwana Lali
mpiga picha wa mbali
apata harusi mbili
kila wiki Kisauni.

Kanipa kioo chake
soko lote, paa zake
Mishi na karai lake
ni kitone cha kijani.

Ni leso aliyovaa
ya maua, yachakaa.
Mkono ukakataa
kushika tena mashini.

Nikamwelewa na Meja
na jibu lisilokuja
labda naye siku moja
alitazama ya chini.

Sisemi rubani mbaya
kazi hiyo si ya haya
pasi paa tungegwaya
kila siku vitandani.

Nasema tu, mpigaji
wa juu si mkaaji
hata akishinda mji
hana kiti barazani.

Kunguru mwoga, wahenga
walisema bila kunga,
ubawa wake hukinga.
Na Mishi, akinga nini?

Hana bawa la kuruka
ana karo imefika
ana mafuta yawaka
wateja wako foleni.

Nikampa Lali chake
nikaenda Mishi kwake
nikaomba fimbo yake:
“Zamu yangu, hapa chini.”

Akanitazama juu
chini: “Shika, ila tuu
usikodolee juu,
mwizi yuko mgongoni.”