Ngwali wa Nani

Mara ya kwanza nilimwona pembeni mwa karatasi,
kwa wino uliopauka: "Mpapindi. Ngezi, kando ya maji.
Kaleta Ngwali."
Basi. Ngwali.

Mara ya pili ilikuwa nchi nyingine, ghala jingine,
picha ikifunguka polepole kama mlango wenye kutu:
"Nguali, mtumishi." Ua limebanwa bapa,
mzizi bado una tope la kwetu.

Mara ya tatu sisemi walimwandikaje.

Kwetu Konde mtoto akipita njiani haulizwi jina.
Huulizwa: we wa nani?
Naye hujibu: wa Mize Hamadi, nyumba ya kisimani,
na papo hapo watu wanamjua mjomba wake, deni lake,
ugomvi wa mikarafuu ulioanza kabla hajazaliwa.
Jina tupu kwetu ni jani lililookotwa barabarani.

Ndiyo kazi yangu hapa Wete, ghorofa ya pili,
feni ikizunguka pale umeme unapotaka.
Kila kitu nakipa namba yake, moja, isiyorudiwa:
mti, msitu, hata mdudu aliyefia ndani ya ua.
Kisha natunga sentensi za maneno matatu matatu,
mashine iliyo mbali ipate kuzisoma:

Mpapindi huota Ngezi.
Ngezi imo Pemba.
Popo hulala Kidike.

Bwana Shaame, mkubwa wangu, kaniambia:
mimea tu, Time. Watu si kazi ya idara.
Nikanyamaza. Ijumaa, alipokwenda msikitini,
nikaunda namba moja zaidi.

Ngwali ni mtu.
Nguali ndiye Ngwali.
Yule wa tatu, naye ndiye.

Nikauliza: nipe vyote alivyochuma huyu.

Kimya. Feni. Jogoo nyuma ya posta.
Halafu vikaanza kushuka, kutoka maghala saba yasiyojuana,
karatasi moja, tatu, kumi na tisa,
magome, mbegu ndani ya bahasha,
kipepeo asiye na bawa,
arubaini na moja,
tarehe zikijipanga zenyewe:
mwaka mzima wa miguu ya mtu topeni.
Mwezi wa tatu kuna wiki hakuleta kitu.
Aliumwa? Alizika? Alioa?

Namba yake nimeiacha wazi, yeyote aweza kuifikia,
hata usiku huu.
Ila pana nafasi haijajazwa, "mtoto wa",
na mbele yake hakuna neno.

Kesho nakwenda Konde kuuliza.
Najua kabla hawajanijibu wataanza wao:
na we mwenyewe, wa nani?