Bipu Tatu, Usipokee

Walinionya ofisini Njombe: ukishuka tu, zima data.
Nikasahau.
Kutoka uwanja wa ndege wa Edinburgh hadi Dundee
basi halikunipa hata usingizi wa kutosha,
lakini lilitosha kuniliza elfu sitini na mbili.
Na sikumpigia mtu.
Kundi la ukoo lilijipakua lenyewe mfukoni:
keki ya kipaimara, mbuzi wa shemeji,
video ya mtu anayeteleza kwenye tope,
ile ile, kutoka kwa watu watatu.
Mwisho mtandao wenyewe ukaniandikia kwa adabu:
Ndugu mteja, salio lako limekwisha.

Baridi ya hapa haikunitisha. Mimi mtu wa Njombe,
na Juni hii kwetu ndiko kwenye baridi.
Nimekuja kusomea mbegu za viazi, wiki sita;
kiazi nakijua tangu jicho lake la kwanza.
Nilichokuwa sikijui ni dakika.
Nilipiga hesabu kwa kalamu kiganjani:
dakika kumi, gunia.
Gunia ambalo Edina amelipalilia, amelichimba,
amelibeba mpaka barabarani.

Imtiaz, mwenye duka la simu pale Hilltown,
alinikatia laini ya hapa kwa pauni kumi.
Una jibi, akasema, hutazimaliza.
Mpigie mama watoto kwa video, mwonane.
Nikamwambia mama watoto ana kitochi,
betri imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Akatazama dari,
kama fundi anayetafuta panapovuja.

Basi tukarudi kwenye elimu yetu ya zamani,
ya enzi za kukwangua vocha kwa ukucha.
Bipu moja: nimeamka.
Mbili: nimekula, na ninyi mle.
Tatu: hiyo hatukuitafsiri,
kila mtu alale na maana yake.
Sheria ilikuwa moja tu. Usipokee.
Kupokea ni kununua.

Wiki tatu tuliishi hivyo, matajiri wa mlio.
Saa tatu usiku, jua la Dundee bado limekaa
kama mgeni asiyejua kuaga,
nami dirishani nambipu mtu
ambaye kwake ni saa tano, giza tupu, kitochi chini ya mto.
Ikiita, nakata. Ikiita, nakata.
Nilikuwa na salio la pauni nne na senti kadhaa
na nililitunza kama mbegu.

Alhamisi ya wiki ya nne, bipu ya tatu,
akapokea.

Hakukosea kitufe. Nilisikia alivyovuta pumzi.
Nyuma yake mbwa wa kina Mligo,
na Furahini akikohoa usingizini, kikohozi kikavu.
Sekunde zikaanza kuhesabika.
Edina akasema: Sakitu imepiga shamba la chini.
Nikasema: Lote?
Akasema: Lote.

Mimi, mwenye daftari lililojaa magonjwa ya kiazi kwa Kilatini,
sikuwa na neno la bei yoyote.
Tukanyamaza.
Mtandao hauna punguzo la ukimya;
ulitukata sawasawa na wanaocheka.
Pauni tatu. Pauni mbili.
Nikasikia akikaa kitandani, ubao ukilia,
ule ubao niliosema nitaugongelea misumari kabla sijasafiri.
Kisha salio likatuaga, kabla yetu.

Asubuhi nilikuwa kwenye mistari ya viazi vya majaribio,
vyote vimetoa maua meupe, havijui lolote.
Simu ikalia, ikakata.
Ikalia, ikakata.
Ikalia, ikakata.
Ikalia.

Nne hatukuwahi kuipangia maana.
Kupokea kwangu ni bure, aliniambia Imtiaz;
anayekatwa ni yule anayepiga.
Na ilikuwa bado inaita, haikatwi,
nami nimesimama kwenye maua ya watu,
kidole juu ya kitufe cha kijani,
nikimhesabia vocha yake.