Mkono wa Mbali

Guamá, Belém. Mvua ya alasiri imekwisha,
bati bado linadondosha.
Chini fundi anaziba matairi;
juu, watu kumi na mmoja tunabanana pumzi.

Kauã yuko chali chini yangu. Miaka kumi na tisa,
kucha za zambarau kwa asai anazokamua kutwa.
Nimemlalia ubavuni, kifua juu ya kifua,
bega langu tayani mwake asipate kunitazama.
Mkono wake wa karibu siutaki.
Nautaka ule wa mbali.

Kwanza amerikana:
kifundo nakibandika mkekani, kiganja kinatazama dari,
kiwiko nakiburuta kuja mbavuni
kama apigaye deki.
Anajua. Ananyoosha.

Mwalimu Jurandir, ukutani, kijiti mdomoni:
"Edilene, usiukimbize. Kaungoje unakokwenda."

Akinyoosha, nimeshafika:
kigasha changu chini ya kiwiko chake,
kifundo kinashuka, kiwiko kinapanda.
Anapindua kiganja, anateremka nacho nyongani,
nami nabadili mshiko tu. Kimura.
Anaukamata mkanda wake mwenyewe,
anauchimbia zile kucha za zambarau.
Vema. Ushike.
Aliyeshika mkanda
ameacha kushika kila kitu kingine.
Navusha mguu juu ya uso wake, nakaa begani pake,
najilaza nyuma taratibu,
mkono wote uko kifuani mwangu, gumba juu.

Pa, pa.

Naachia.
Milango minne: kila alipofunga mmoja
ni yeye aliyenifungulia wa pili.

*

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya zamu ya duka la dawa,
napiga magoti ubavuni pa Baba.
Miaka arobaini alipanga vigae vya sakafu za watu;
tangu Juni mkono wake wa kushoto hauna habari naye.
Kitanda kimebanwa ukutani, naufikia kwa kuvuka kifua chake.
Kunja. Nyoosha. Geuza nje. Geuza ndani.
Mara kumi kumi, alivyonielekeza Marluce wa tiba ya viungo.

Naukunja, unakunjika.
Naunyoosha, unanyooka.
Hauendi popote, sina pa kuungojea.
Miaka sita nimejifunza kusoma mkono unaokataa;
huu unakubali kila kitu
na ndio unaonishinda.

Mkono usioweza kuukata, ubusu.
Na usioweza kuuamsha?
Nimeubusu pia. Unanuka sabuni.

*

Alhamisi nilichelewa.
Nikawa nahesabu huku nafikiria basi,
ya nane, ya tisa, kwa pupa,
nikakunja kupita kiasi,
na kiwiko kikavuta.

Kidogo. Kama mtu avutaye shuka usingizini.
Nikasema ni mimi. Nikarudia.
Kikavuta.

Baba akanikodolea macho,
mdomo ulioinama ukitafuta neno, usilipate.
Mashindano yangu aliyaona mara moja tu, akiwa na miguu yake,
akatoka ukumbini akisema huu si mchezo,
ni watu kulaliana mchana.
Kumbe aliangalia.
Mkono wake mzima ukainuka,
ukagonga godoro
mara mbili.

Nikaachia. Sheria ni sheria.
Tukacheka, yeye kwa nusu ya uso,
mimi kwa uso wote hata kamasi zikanitoka.
Halafu nikaushika tena, nikaanza upya na ile ya kwanza,
kifundo, kiwiko, polepole:
Nikatalie, Baba.
Funga hapa, nione utatokea wapi.

Basi likapita. Nililisikia.