Kiwanja Hufuliwa Kwanza

Mwezi wa kwanza Mbwarali alinipakia kwenye pikipiki,
yeye mbele na ramani, mimi nyuma na pochi,
hadi huko nyuma ya Ganda, Malindi imeishia,
bikoni zimepakwa chokaa kama meno ya kuazima
na kibao kimeandikwa MTAA WA BAHARI NJEMA.
Bahari yenyewe huioni hata ukipanda mabega ya mtu.

"Mama, hiki hapa, namba kumi na saba, cha pembeni.
Barabara huku, barabara huku.
Stima inakuja, maji yanakuja, msikiti unakuja."
Kila kitu kilikuwa njiani siku ile
isipokuwa mimi, niliyekwisha kufika.

Udongo mwekundu, mkavu, umepigwa pasi.
Hamsini kwa mia, akasema.
Nikaivua futi shingoni
(nilitoka nayo kazini, na sindano mbili kifuani)
nikapima hewani upana wa mlango ninaoutaka.
Akacheka. Kisha akaona sicheki.

Bwana, mimi ni fundi cherehani.
Miaka kumi na mmoja nashona sare za shule,
na kitambaa kimeniliza mara moja tu:
jora zima la buluu, bei ya kutupa,
kilipofuliwa kikanywea,
na watoto arubaini wakanirudia na mama zao.
Tangu hapo sikati nguo kabla sijairoweka.
Nenda. Nitarudi masika.

Akanipigia Februari: kimebaki kimoja.
Akanipigia Machi: kimebaki kimoja.
Nikamwambia, kimoja hicho kina umri mrefu.

Mei, siku ya tatu ya mvua isiyopumua,
nikavaa mabuti ya shemeji, saizi tisa,
nikaenda peke yangu, ramani ndani ya mfuko wa mkate.
Kumi na saba kilikuwa kimeshajibu.
Vyura wamehamia bila hati,
bikoni mbili zimezama, ya tatu imevaa kilemba cha povu.
Na kumi na nane, na kumi na tisa,
vyote vimenywea.

Akatokea mama akikata majani ya mbuzi,
gunia kichwani, jina lake Nyevu.
Namba hazijui. Mimi nikamsomea karatasi,
yeye akanisomea chini:
hapo Kwa Tsofa, mikorosho sita, imekatwa juzi;
hapo Ziwa la Bata, ingawa bata mwenyewe aliliwa zamani;
pale tulichoma mkaa;
pale ndugu yangu alijenga,
wakaja na karatasi.

Hakuongeza neno. Akarudi kwenye majani yake.
Mvua nayo ikaendelea na kazi yake,
nami nimesimama pale
na karatasi yangu ndani ya mfuko wa mkate.

Na sitini na tatu? nikauliza baadaye.
Kile cha nyuma, cha mawe, wanachokikimbia wote
maana shimo la choo litavunja sururu.
Akafikiri. "Pale hapakuwa kitu.
Mbuzi tu, wanapenda kulala pale."

Nikapanda. Walikuwepo watano, wamekunja miguu,
wakanitazama kama wenye nyumba
wanaotazama mgeni asiyebisha hodi.
Mabuti yakagonga jiwe: ko, ko.
Soli haikuzama.

Nimelipa arbuni. Risiti inasema 63.
Mbwarali anaona nimechagua kama kipofu,
akanipunguzia elfu kumi kwa huruma.
Nimemwambia Nyevu asiache kuleta mbuzi
mpaka nipate pesa za msingi,
na kwa kasi ya cherehani yangu
watakuwa wameshapata vitukuu.

Ila lile neno la ndugu yake
sijajua bado nilishone wapi.
Usiku, taa ikizimwa, naligeuza vidoleni
kama kifungo kilichookotwa chini ya meza,
cha nguo ambayo sikuishona mimi.