Sanduku la Mwezi wa Tatu

Mlima umeondoka tena.
Juzi ulikuwepo, nyuma ya paa la chekechea;
leo Chiang Mai yote imefunikwa
na kitu cha rangi ya maji ya kuoshea mchele,
na jua la saa tatu ni jekundu, unalikodolea macho
nalo linakukodolea.

Mimi ni fundi cherehani. Najua kupima, najua kukata.
Kwa hiyo usinicheke ukinikuta nimepiga magoti
na machujio manne, mkanda mpana wa kijivu,
boksi la jokofu la jirani,
na feni niliyoing'oa shingo kama kuku wa sikukuu.
Machujio husimama yakawa kuta. Boksi huwa sakafu.
Feni hulala juu, ikitazama dari.
Ukingoni mwa kila chujio kuna mshale mdogo:
mshale uelekee ndani.
Sanduku la kwanza nililifunga kinyume,
likapepea siku mbili bure, kama mgeni mwenye maneno.

Adui ni ufa. Nautafuta kwa uzi,
uzi mwekundu wa pindo, nauning'iniza kwenye kona;
ukivutwa, hapo pana tundu, nabandika.
Miaka thelathini nashona,
sijawahi kushona nguo ya kuvaliwa na chumba.

Mwalimu Chanthira ana watoto kumi na wanane
wanaolala mchana kwenye mikeka.
Alikuja na kipimahewa chake, kinaenea kiganjani.
Mia mbili na kumi, kikasema.
Tukafunga madirisha, tukasukuma matambara mabichi
chini ya mlango, tukawasha.
Tisini.
Arobaini na moja.
Mtoto mmoja, Fasai, akageuka ubavu,
akakohoa mara moja tu,
kama mtu aliyebisha hodi kisha akakumbuka
kwamba hana shida.

Pafukapo moshi pana moto, walisema wahenga.
Hawakusema moto wa nani.

Wiki ya tatu nilibandua mkanda.
Lililokuwa jeupe limekuwa jeusi, jeusi la chungu,
jeusi linaloacha alama kidoleni.
Nikalipeleka puani, ingawa tumekatazwa.
Mabua.
Mabua ya mahindi, mteremko wa nyuma ya nyumba yetu
kule Mae Chaem, ambao sasa analima kaka yangu Intha,
anayedaiwa mbegu, anayedaiwa mbolea,
na kiberiti pekee hakimdai.

Aliniambia mwenyewe kwa simu, bila kuficha:
Tumemaliza upande wa mto. Kesho upande wa juu.
Halafu akauliza kifua cha mjukuu kinaendeleaje.
Nikasema, hajambo.
Nikamsikia naye akikohoa, simu kaiweka mbali
ili nisisikie.

Maneno nilikuwa nayo. Tangu Januari nilikuwa nayo,
nimeyachomeka kama sindano kwenye kimto chake,
moja moja, ncha chini.

Nikanunua machujio mengine manne.
Sanduku la tano nililiandika kwa kalamu nene kila upande:
JUU. NDANI. USIKALIE.
Utingo wa basi la alfajiri aliuliza kama kuna kuku.

Jumapili akapiga.
Linanguruma, akasema, kama mashine ya kukoboa.
Mama ameliburuta hadi kitandani kwake, hataki lizimwe.
Kisha kimya, kile kimya cha watu
waliowahi kulala mkeka mmoja.
Huu weusi, akasema, huu ulioingia kwenye karatasi,
unaoshwa?
Hauoshwi.
Unatupwa?
Unatupwa.
Wapi?