Jiwe la Mbeyu

Nilijifunza mizani mara mbili.
Kwanza darasani Mlaleo, kwa Bi Zuhura Msellem,
aliyetuhesabisha silabi kwa vidole mpaka vikaota sugu:
nane, pumzika, nane. Ukipunguza moja
unarudi mwanzo na kofi la mgongo.
Mara ya pili Kongowea, kwa Bwana Famau,
dalali wa mihogo na nazi,
aliyenionyesha sumaku ndogo kama kifungo cha kanzu
na mahali pa kuibandika, chini ya sahani.
"Kilo moja na nusu katika kumi," akasema.
"Ukipita hapo ni wizi."

Saa kumi alfajiri soko limeshaamka.
Kabeji za Taita zinavuja umande ndani ya lori,
hamali anapiga kelele, "Miguu! Miguu!"
lumbesa imemkalia mgongoni kama mgeni asiyeaga.
Kanjo ana kitabu cha risiti kinono kuliko yeye.
Mwakirunge haina lori.
Mwakirunge huja kwa bodaboda, magunia mawili,
na Mbeyu Karisa katikati.

"La kwanza, kilo thelathini na nne," nikasema siku ile.
Hakubishana. Alitua furushi, akafungua leso,
akatoa jiwe.
Jiwe tu, la shambani, lina udongo mwekundu kwenye ufa.
Alikuwa amelipeleka zahanati,
akamwomba nesi alitie katika ule mfuko wenye matundu mawili ya miguu
wanamoning'inizwa watoto wachanga,
na nesi, huku akicheka, akaliandikia kadi:
Jina: Jiwe. Uzito: kilo kumi. Chanjo: bado.

Kwangu likasoma nane na nusu.

"Limekonda njiani," nikasema.
Watu wakacheka. Yeye akacheka kuliko wote,
mkono kiunoni, machozi yakimtoka,
kisha akaacha, na mimi nilikuwa bado natabasamu.
Bwana Famau kwenye kiti chake akaanza kukohoa
kikohozi cha mtu anayetafuta simu mfukoni.

Hakulichukua jiwe. Kadi aliichukua.
Sasa liko hapo, mguuni pa mizani,
na kila anayeleta, wa mchicha, wa nazi, wa ndimu,
huliinua kwanza, akalipima kimya,
kabla hajafungua kamba.
Sumaku ninayo. Inashika funguo za nyumba.
Mshahara umekatwa; hata huo hupimwa.

Jana usiku nilijaribu ubeti, nikihesabu kwa vidole:

Mizani yangu sikia, jiwe limekuumbua,
kilo ulizojilia, leo zinakuchafua,
mkulima akilia, wewe hukujisumbua,
jiwe lishatuambia, ulichopungua.

Mstari wa mwisho una upungufu wa mizani mbili.
Bi Zuhura angenirudisha mwanzo.
Nimeuacha. Usomwe ulivyo.