Kipembe cha Mbao

Sikio la kufa, watu husema, halisikii dawa.
Langu lilisikia dawa zote:
vidonge, sindano, tone la mafuta ya uvuguvugu
alilonitilia mama mkwe kwa unyoya wa kuku.
Hata jina la uvimbe lilipotajwa, lilisikia.
Kisha likafa kwa adabu,
Jumanne, Eldoret, saa mbili hadi saa kumi na moja,
bila hata kuniaga.

"Ukubwa wake," daktari alipima kwa gumba na kidole,
"ni kama njugu mawe."
Nikacheka nusu. Nusu ya pili ya uso ilikuwa bado imelala.
Njugu mawe nimezila tangu utotoni,
nimezichemsha kutwa nzima zikikataa kuiva,
sikujua kuna moja iliyoota gizani
ikinywa sauti kama mche unywavyo maji.

Nimerudi Chavakali na kovu lenye umbo la ndoana.
Ardhi inainama.
Kutoka mlangoni hadi jikoni ni safari ya kushika:
kiti, ukuta, bega la Kageha,
miaka saba, fimbo yangu yenye marinda.
Mawe makubwa ya kilimani hayajasogea.
Kila asubuhi nayakagua.
Ni mimi.

"Mama!" anaita, nami nageuka kulia.
Kila mwito unatoka kulia siku hizi:
jogoo, bawaba ya mlango, mvua ya saa tisa juu ya bati,
vyote vimehamia upande mmoja wa dunia.
Kushoto umebaki mluzi mwembamba,
birika lililosahauliwa motoni,
na hakuna wa kuliepua.
Kanisani nimehamia ncha ya kushoto ya benchi,
ukuta ukae na sikio bubu, wanafanana.
Sokoni mwuza omena alinitajia bei mara tatu,
mara ya nne akanifungia bure.
Nililia njia nzima, na si kwa shukrani.
Asava, mume wangu, amejifunza kulala kulia kwangu
baada ya miaka kumi na mmoja.
Bado anasahau. Huniambia mambo mazito gizani
upande usio na mtu.

Kipembe kiko kwenye droo, chini ya vitambaa.
Miaka kumi na minane, zahanati ileile,
niliinama na sikio hili, hili hili,
mbao juu ya tumbo, pumzi nimeibana,
hadi nisikie mtu mdogo akikimbia mbali
ndani ya viatu vikubwa.
Wapo vijana wenye ndevu hapa Chavakali
niliowasikia kabla mama zao hawajawaona.
Nikikutana nao siwaambii.

Jana alikuja Mmbone, muuguzi mwenzangu,
miezi saba, miguu imevimba, mfuko wa ndizi mkononi.
Hakuniuliza hali.
Alifungua droo mwenyewe, akajilaza kwenye kochi langu,
akapandisha blauzi.
"Jaribu la kulia," alisema, kulia kwangu, kwa sauti ya kawaida.
Nilipiga magoti kwa sababu kusimama ni kuanguka.
Nikageuza shavu kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.
Kimya. Tumbo likinguruma. Mluzi.
Nikasogeza kipembe upana wa vidole viwili.

Kwa sikio la kushoto nilikuwa nikitazama miguu ya mama,
kila mama, miaka yote ile,
kucha, nyufa za visigino, soksi za kuazima.
Kwa la kulia shingo hugeukia upande wa pili.
Nilikuwa sijawahi kuona uso wa mtu
anayesubiri nimwambie.

Hakupepesa.
Nilifika sitini na nne, nikapoteza hesabu.
"Ngoja," nikamwambia,
nikaanza tena: moja, mbili.